Yule Baba wa Filamu

Nikinusa petroli ya jenereta, narudi kanisani kwetu Kathonzweni, mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi na filamu inaonyeshwa ukutani.

Kwenye filamu hiyo, baba fulani alirudi nyumbani baada ya miaka mingi, akajikwaa kwa mbuzi, akaanguka na sanduku lake. Sisi watoto tulicheka hadi mbavu zikauma. Vijana walisema ni filamu ya kitoto. Mama aliinuka akatoka nje. Susu, nyanya yetu, alitukemea: "Mnamcheka mtu amefika kwake?"

Jioni, kabla tule muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, susu alimshukuru Mungu kwa kumrudisha yule baba wa filamu salama. Kisha akamwomba arudishe na wetu.

Mama ndiye alisema amina kwa sauti kutushinda sote.