Shangazi na Tetere wa Kisiwani

Shangazi yangu kazi yake ni kulea ndege kwenye bustani ya wanyama, na kwa umbea wa ndege hana mpinzani. Ukimkuta kwenye chai utasimuliwa, utake usitake, habari za ndugu wawili. Tetere wa mtaani, yule njiwa mdogo wa kijivu, amejaa kila paa, wala hakuna anayehofia ataisha. Tetere wa kisiwani, wa kahawia, ni damu moja naye, ila alizoea kutembea chini bila woga, na paka walioletwa na watu wakammaliza. Kwao hayupo tena hata mmoja. Waliobaki wako vizimbani tu.

Nao hao waliobaki, jamani! Wanataga, wanaondoka zao. Basi shangazi akawa anayaweka mayai yao chini ya tetere wa mtaani, wanaangua na kulea. Sifa zikammiminikia. Ila dume mmoja wa kisiwani aliyelelewa hivyo alimpendeza shangazi mno, shangazi akachelewa kumtenga na walezi wake. Alipokua akaletewa jike wa kisiwani kutoka mbali. Akampa mgongo! Wa kuwainamia kwa kuwachumbia ni wa kijivu tu.

"Nimemharibu mwenyewe," shangazi alituambia. "Akizaa na hao, watoto watakuwa chotara. Ukoo wake utaishia hapo."

Akawahamishia dume na jike chumba cha nyuma, akafunga madirisha ili sauti za tetere wa mtaani zisiingie. Nyumbani akawa mtu wa kununa, hata kumsalimia ni kazi. Hatimaye dume akamkubali jike, jike akataga yai moja, akapanda juu ya kijiti na kuanza kujichambua manyoya.

"Lipeleke kwa wa kijivu, upesi," mkuu wake wa kazi akasema.

Shangazi akalishika. Lilikuwa bado na joto. Kwa wa kijivu lingeanguliwa, lakini kifaranga angeweza kukua kama baba yake, asiwatake wa kwao. Akalirudisha kiotani.

"Likipoa je?" mkuu akauliza.

"Likipoa nimeliua mimi. Hebu nipishe."

Akasimama mlangoni akimtukana jike kwa sauti ya chini: kalia yai lako, mjeuri we! Jike wala hana habari. Aliyeshuka ni dume. Akalizunguka yai, akalisogeza kwa mdomo, akalikalia, akatulia vilevile kama walezi wake wa mtaani walivyokuwa wakitulia.

Shangazi akaketi sakafuni palepale, akalia.