Safu ya Nyumba Mbele ya Msikiti

Siku yangu ya kwanza kazini Embu nilikabidhiwa timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Mafundi wengi walikuwa kizuizini, ndiyo maana kijana wa misheni kutoka Meru kama mimi alipata kazi upesi.

Mkubwa wetu, Bwana Mhandisi, alikuwa Mzungu mpole. Alitumwa kutengeneza Majengo, mtaa wa zamani wa Waislamu: wachinjaji na wenye maduka, wajukuu wa wapagazi na askari waliotoka kila upande. Nyumba zao zilikuwa za fito na udongo, paa za madebe yaliyonyooshwa, na mbele ya kila mlango baraza ya kukalia. Maji machafu yalipita hapohapo, na watoto waliugua.

Bwana Mhandisi alitaka tuchimbe mifereji na kukandika kuta upya. Lakini Bwana DC, mkuu wa wilaya, akaleta amri yake: safu nzima inayotazama msikiti ivunjwe, wenyewe wahamishiwe nyumba za mawe ng'ambo, na barabara ya doria ipite hapo, askari wapate kuona mtaa mpaka mwisho.

Bi Mwanaidi, mjane aliyeuza kahawa, alitukaribisha barazani kwake. Alitueleza kwamba pale ndipo walipokalia matanga na kujibia posa.

"Mkitupa nyumba za mawe kule ng'ambo tutalala vizuri," alisema. "Lakini tutakutana wapi?"

Bwana Mhandisi alirudi kwa DC mara kadhaa. Mwishowe ilikubaliwa barabara ipindishwe nyuma ya safu, ila nyumba ya pembeni lazima iondoke. Ilikuwa ya Mzee Rajabu, mchinjaji. Tulimwendea buchani, mimi nikitafsiri. Mzee akauliza kama hizo nyingine zitabaki kweli. Bwana Mhandisi akampa mkono.

"Basi vunjeni yangu," alisema Mzee Rajabu.

Alisaidia kung'oa nguzo mwenyewe, nasi tukazitumia kuimarisha nyumba za majirani. Wanawake walikanyaga udongo, sisi tukakandika na kupaka chokaa. Mvua ilipokuja, maji yalifuata mfereji. Mzee alikuwa ameshahamia Runyenjes kwa binti yake.

Nilistaafu Meru nikiwa msimamizi wa ujenzi, na nyumba yangu iko Kinoru. Nimejenga madarasa na ofisi nyingi. Vijana wakiniuliza jinsi ya kutunza mitaa ya zamani, huniuliza habari za kuta, nami huwajibu. Lakini moyoni humkumbuka Mzee Rajabu.

Nilipohamishiwa Meru, Hali ya Hatari ikiwa haijaisha, nilipita kwake Runyenjes. Alikuwa amefungua bucha ndogo kando ya barabara. Aliniuliza siku hizi ni nani wanaokaa kwenye zile baraza jioni, kabla ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku. Nikamtajia mmoja mmoja, na nani kakaa karibu na nani. Aliweka kisu chini, akasikiliza. Nilipomaliza, akaniomba nianze tena.