Mtoto wa Majina Matatu

Ofisi yetu ya Dadaab ilikuwa na kompyuta moja, na kompyuta hiyo ilikuwa na bwana wake, fundi kijana kutoka Nairobi aliyeletwa kututengenezea programu ya orodha ya mgao wa wakimbizi. Alituambia kwamba kwingine programu hujaribiwa pembeni, kwenye nakala, na ikishakubali ndipo inapewa majina ya watu. Sisi hatukuwa na pembeni. Dizeli ya jenereta ilikuwa ya kubembeleza, basi akajaribia papo hapo, kwenye orodha yenyewe ya kweli, nasi tumemzunguka tukimtania.

"Nipeni jina la mtu ambaye hayupo," alisema.

Dereva akatoa jina lake. Mimi, karani na mkalimani, nikatoa la baba yangu. Mpishi akaweka sinia chini. "Ya tatu chukua ya babu yangu," akamwambia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali. "Nabatia wewe bure."

Kwetu Wasomali mtu ni majina matatu, lake, la baba na la babu, kwa hiyo mtoto alikuwa amekamilika. Fundi akampa miaka tisa na mahali pa kulala kambini, na programu ikampokea bila swali. Tukamwita mtoto wa ofisi. Chai ikiisha mapema, tunasema mtoto wa ofisi ameimaliza. Sijawahi kucheka kazini kama siku zile.

Fundi alisahau kumtoa. Siku ya mgao mashine ikachapa majina yote, nami nikapanda juu ya magunia na kipaza sauti changu, nikayasoma kama kawaida. Nilipofika kwa mtoto wetu nilimsoma pia, tena kwa mbwembwe, maana dereva alikuwa nyuma yangu anajishika mbavu. Katikati ya watu mwanamke mmoja akasimama.

"Wangu huyo!" alipaza sauti kwa Kisomali. "Yuko wapi?"

Majina yetu ni yale yale. Yapange matatu utakavyo, yupo mtu anayeitwa hivyo. Wa kwake alimpotea njiani, watu walipokuwa wanakimbia, kabla hawajafika mpakani Liboi. Alikuwa na miaka sita wakati huo, na mama alikuwa ameendelea kumhesabia: sasa ni tisa. Mpaka leo nikisikia majina hayo yakifuatana, hata redioni, naacha nilichokuwa nikifanya.

Nilimweleza kwamba ulikuwa mzaha, kwamba tulikuwa tunajaribu mashine. Nilijichukia kila neno lilivyotoka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi nipelekeni kwenye hiyo mashine," akasema.

Tukampeleka. Fundi, uso umemshuka, akamfungulia jina kwenye kioo. Mama hakujua kusoma. Nilimwonyesha lilipo, akaweka kidole juu yake.

"Mwambie namtoa sasa hivi," fundi aliniambia. "Mwambie pole sana."

Akabonyeza. Programu aliyoitengeneza kwa mikono yake ikamkatalia: jina haliondoki bila sababu. Nayo ilijua sababu mbili tu, amefariki au amerudi kwao. Fundi akanitazama mimi, kana kwamba mkalimani ndiye wa kuchagua.

"Inasema nini?" mama akauliza.

Mpishi akatoka nje. Dereva akainamia viatu vyake. Nikazitafsiri sababu zote mbili, ile ya kwanza kwa sauti ambayo hata mwenyewe niliisikia kwa shida.

"Hiyo ya kwanza msiiguse," akasema. "Andikeni amerudi kwao."

Fundi akabonyeza tena, na safari hii programu ikakubali. Jina likaondoka. Mama hakutoa kidole pale lilipokuwa.

"Walaal," akaniita, kama dada anavyomwita kaka yake, "amefika?"

Nilishindwa kufanya jingine. Nikamwambia amefika.

Akashusha pumzi, akaitika polepole. Kisha akaniuliza ni nani aliyempokea.