Nilifuta gesi kati ya galaksi mbili nikidhani ni uchafu

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kamembe, Rusizi. Nasimulia kosa langu lilivyokuwa, bila kujipamba. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, mnivumilie.

Mwaka jana nilikuwa nasoma masters online. Supervisor wangu, ambaye yuko nchi ya mbali, alinipa data za darubini kubwa: galaksi mbili zinazogongana.

Niwaeleze kidogo. Galaksi zikigongana, nyota zake ni nadra sana kugusana, nafasi kati yake ni kubwa mno. Zinapishana kimya kimya. Gesi ndiyo inayogongana, inabanwa, inang'aa, na humo nyota mpya zinazaliwa.

Kazi yangu ilikuwa kutenganisha mwanga wa nyota na mwanga wa gesi. Nyota nikazipaka njano, gesi nyekundu.

Mchana nikitoka darasani nilikaa atelier, chumba cha kushonea cha Papa, baba yangu, fundi cherehani karibu na soko. Cherehani inalia, mimi niko mbali huko. Mwanga ule uliondoka kabla dunia haijawa na muntu wa kuusubiri. Kuna siku nilisahau kabisa kama nina miguu.

Sasa, katikati ya galaksi zile kulikuwa na utepe mwembamba wa gesi, hafifu sana. Niliona unaharibu picha. Nikaufuta, nikasema ni noise, yaani uchafu wa kifaa tu, nikatuma. Supervisor akafurahi, akasema ataionyesha kwenye mkutano Ijumaa.

Jumatano nikaprinti picha mbili, ya kwanza na ile niliyosafisha, nimwonyeshe Papa. Akavaa miwani, akaziangalia muda mrefu.

"Hii kamba ya katikati ilienda wapi?"

"Ilikuwa buchafu, Papa."

"Nani alikuambia ni buchafu?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimechoka, nikataka picha ipendeze.

Nikafungua data za usiku mwingine, darubini ilipotazama pale pale. Utepe ulikuwepo, haujasogea hata kidogo, wakati noise ingebadilika kila usiku. Ilikuwa gesi kweli, imevutwa kutoka galaksi moja kwenda nyingine.

Nikaandika email ya kukiri. Niliogopa kufukuzwa, nikaogopa zaidi kunyamaza.

Alhamisi jioni akajibu. Picha yangu ameitoa kwenye mkutano, na kazi yangu yote itakaguliwa upya. Hakunifokea, lakini iliniuma, wakuu. Papa nilimweleza, akasema tu kwamba nguo iliyoshonwa vibaya inafumuliwa.

Tulirudia kila kitu, miezi mitatu. Utepe ule ukawa sura ndefu kuliko zote kwenye thesis yangu, na nikafaulu.

Nilichojifunza: kabla hujafuta kitu kwa sababu kinaharibu uzuri, hakikisha kwanza kwamba hakipo kweli. Mimi nilifuta kitu ambacho mwanga wenyewe unahitaji maelfu ya miaka kukivuka, tena kwa kidole kimoja.

Aliyewahi kufuta kitu kisha akakikuta bado kipo, aseme hapa. Nitasoma zote.