Kitambaa cha Tano

Mume wangu Wathome hajawahi kukosea. Muulize mwenyewe. Tangu anioe miaka kumi na minane iliyopita, chakula kikiungua ni jiko, simu ikipotea ni watu, na akichelewa kanisani ni saa ya ukutani. Mimi naitwa Ndindi, ingawa hapa mtaani Mowlem wananijua kama Mama Munyao wa chapati. Kibanda changu kimepakana na pale anapotengenezea pikipiki, kwa hivyo nayasikia yote, nikitaka nisitake.

Lakini mikono anayo, lazima niseme. Pikipiki za bodaboda anazifanya huku akipiga stori. Anazozipenda hasa ni zile ndefu za mashindano, za kuruka matuta ya udongo, ambazo petroli yake huchanganywa na oili kabla ya kutiwa kwenye tangi. Mafundi wengi huku wanazikwepa. Yeye akisikia moja inapita barabara ya Dandora, anaweka spana chini na kusimama.

Basi Jumanne moja akaja Abdiqani, kijana wa Eastleigh anayeuza mazulia kwa jumla. Yeye na wenzake wana kikundi cha mbio na pikipiki nane. Fundi wao wa zamani walikuwa wamemwachisha kazi, wanatafuta mwingine wa kudumu. Alileta yake peke yake kwanza.

"Fundi, nifanyie sevisi. Jumapili nina mashindano. Ikienda vizuri, zote nane zitakuwa mkononi mwako."

Wathome alijifanya anafikiria. Jioni hiyo hiyo alinunua ovaroli mpya, na tukiwa mezani akanichorea kwa kidole mahali atakapozipanga, ya kwanza hadi ya nane. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Nami nikakitaka pamoja naye.

Jumatano akaifanya, Alhamisi Abdiqani akaichukua kwa pikapu bila hata kuiwasha, na Ijumaa saa tatu asubuhi ikarudi. Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa inakohoa, moshi mweusi unaifuata, na harufu ya petroli mbichi ikaja mpaka kwenye chapati zangu. Kila Abdiqani akivuta mafuta, injini inazubaa.

"Niaje, fundi. Hii pikipiki imekuwaje?"

Wathome akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi tititi, tena imelowa. "Inapata petroli nyingi kuliko hewa," akasema, na hapo alikuwa sawa. Angenyamaza hapo. "Oili ulichanganya wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, vile nachanganya siku zote."

"Hapo sasa. Umeniharibia kazi."

Akamsomea yule kijana mbele ya watu wa boda waliokuwa wakinywa chai kwangu. Oili gani hii, nani alikuuzia, nyinyi vijana mnapima kwa macho. Abdiqani ni mtu wa heshima. Alimwaga mafuta yote ya tangi kwenye mtungi, akautupa na mkebe wake wa oili ukiwa bado umejaa nusu, akachanganya mapya kwa kipimo cha Wathome. Wakaiwasha. Ikakohoa vilevile.

Sasa ikawa plagi ni feki. Ikatiwa mpya, na baada ya dakika kumi nayo ikalowa. Ikawa ni kabureta. Akailaza upande bila kuitoa, akaondoa jeti kubwa ya kupitisha petroli akaweka ndogo, akateremsha na sindano yake. Injini ikachangamka kidogo, halafu ikazima. Ikawa ni hii baridi ya asubuhi. Mwisho akasema kuna mtu ameiguza Alhamisi, yeye anajua tu. Mahali pekee ambapo hakupafungua ni kwenye chujio la hewa, kwa sababu chujio alikuwa ameliosha kwa mikono yake.

Saa sita Abdiqani akaangalia saa. "Naenda swala. Nikitoka nitapitia hapa. Ikiwa bado, nitaipeleka kwa mtu mwingine, na hizo saba pia. Usinichukulie vibaya, fundi."

Wathome alibaki ameinama, anafuta mkono mmoja ambao ulishafutika. Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye pia.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kumfulia vitambaa vyake vya kufutia. Hivyo vya wiki ile vilitoka kwenye rinda langu la njano. Nilikuwa nimelishonesha kwa harusi ya dada yangu, na asubuhi ya harusi huyu bwana akajitolea kulipiga pasi. Akalichoma kifuani, shimo la ukubwa wa kiganja. Akasema stima ilipanda ghafla. Ilipanda kwetu peke yetu, majirani wote haikuwapandia. Nilienda harusini na sketi ya kanisani, na picha zipo. Rinda nililiweka miaka minne bila kujua ninangoja nini, mpaka Jumatatu ya wiki hiyo nikachukua makasi nikamkatia vitambaa vitano.

Nikavifua. Vilikuwa vinne. Nikapapasa chini ya beseni, vinne tu.

Hapo nikakumbuka Jumatano. Wathome akishaosha chujio, huliacha juani likauke, na lile tundu la hewa huliziba kwa kitambaa, maana malori ya taka yanayokwenda Dandora yana vumbi lisilo na adabu. Ni tabia yake ya miaka. Mikono yangu ikasimama ndani ya maji.

Watu wa boda walikuwa wameshaenda kazini. Nikamfuata alipo.

"Baba Munyao, nilikupa vitambaa vitano."

"Si viko hapo."

"Viko vinne. Jumatano uliziba na kipi?"

Nikaona mdomo wake ukifunguka, na nikajua kuna mtu anakaribia kusingiziwa wizi wa kitambaa. Halafu akaitazama pikipiki. Akafungua pembeni, akatoa chujio, akaingiza vidole viwili ndani. Kikatoka polepole, cha njano, kimelowa, na maua yake bado yanaonekana. Kilikuwa kimejikunja upande mmoja, kikaacha nafasi nyembamba ya hewa kupita.

Hakuniangalia. Alikikunja akakitia mfuko wa ovaroli mpya. Akarudisha jeti ya zamani, akapandisha sindano, akaweka plagi kavu, akapiga kiki. Ikaunguruma safi mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Abdiqani alirudi na kanzu yake nyeupe. Watu wa boda nao walikuwa wamerudi kula. Akavuta mafuta mara moja, mara mbili, akatabasamu.

"Wallahi, hii ndiyo yangu. Ilikuwa nini?"

Nikaacha kukanda unga. Nilikuwa nangoja stima ipande.

"Ilikuwa," Wathome akasema, akatia mkono mfukoni. "Ilikuwa hiki. Niliziba vumbi lisiingie, nikakifungia humo ndani. Oili yako ilikuwa sawa. Ni mimi."

Abdiqani alikipokea, akakigeuza.

"Yaani nimetupa oili yangu nzuri bure."

"Bure kabisa. Nitakununulia mkebe mwingine."

"Yule fundi mwingine alituunguzia pistoni mbili. Zote mbili akasema ni petroli." Akamrudishia kitambaa. "Jumatatu naleta hizo saba. Lakini siondoki na hata moja kabla sijahesabu vitambaa."

Watu wa boda wakacheka. Wathome naye akacheka, amechelewa kidogo.

Saa kumi alikuja kukaa kwenye benchi langu, jambo ambalo hafanyi kazi ikiwepo. Nikampa chai. Kitambaa alikuwa bado nacho, anakikunja na kukikunjua.

"Ndindi."

Jina hilo hulitumia nikiwa mgonjwa tu. Nikageuka.

"Lile rinda. Stima haikupanda. Nilikuwa naangalia mpira kwenye simu, nikasahau pasi."

Nilikuwa na maneno ya miaka minne yamepangwa vizuri, na yote nikayaacha. Macho yalijaa, nikasingizia moshi. "Nilijua, Baba Munyao," nikamwambia, nikamwongezea chai.

Kile kitambaa nilimnyang'anya. Nilikifua peke yake kwa maji ya moto, nikakianika, na hicho sikumrudishia.