Kipande Kilichokatwa Pembe

Jirani yangu wa mlango wa pili, hapa Kariakoo, ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: TUNASAFISHA PICHA HAPO HAPO. Ndani ana kompyuta, mashine ya kuchapia na feni. Bomba hana. Beseni hana. Hata maji ya kunawa anakuja kuomba kwangu. Mwaka wa tatu huu namuuliza anasafishia nini, na mwaka wa tatu ananijibu kwa kicheko.

"Mzee wangu, si ndivyo watu wanavyosema? Niandike nini sasa?"

"Andika unachapa."

"Nikiandika nachapa wataniletea kadi za harusi. Mzee, usinikazie hivyo. Neno halilipiwi kodi."

Neno halilipiwi kodi! Mimi hilo neno nimelilipia kwa kucha zangu. Nilikuja mjini kwa miguu kutoka Kisarawe, shule nimeiacha darasa la tatu, na wenzangu walipokuwa bado wanabeba viroba vya watu sokoni, mimi nilikuwa na studio. Chumba kimoja, taa nyekundu moja, mabeseni matatu. La kwanza dawa ya kuitoa sura, la pili maji, la tatu dawa ya kuikaza. Halafu maji tena, maji mengi ya ndoo, kwa sababu picha isiyosafishwa sawasawa ikikaa mwaka inageuka rangi ya chai. Nilisafisha mpaka kucha za mkono wa kulia zikawa kahawia. Wakwe zangu walidhani ni tumbaku, nusura waninyime mke.

Na si neno hilo peke yake. Mji mzima unasema maneno ya kazi zilizokwisha kufa. Binti yangu anagomba kwamba nimemkatia simu, wakati waya wa kukata hatuna tangu simu ya mezani ilipotoka nyumbani. Mgombea anapigiwa debe kwa maspika makubwa kama kabati, na huyo anayempigia hajawahi kuligusa debe. Mimi nimemwona muuza mafuta ya taa akiligonga kwa fimbo, tena lile la bati, mtaa mzima ukatoka na chupa. Nikisema hivi vijana wananiita Mzee Kamusi. Kamusi sijawahi kufungua. Nasema niliyoyaona.

Liko neno moja tu ambalo silisemi. Redioni nasikia watumishi hewa, miradi hewa, watu wanaolipwa na hawapo. Hapo huwa nainamia kazi yangu. Kama walilitoa kwetu wapiga picha sijui, lakini sisi tulikuwa nalo zamani, na mpaka juzi hakuna mtu niliyemweleza tulilitumia kwa nini.

Studio ilikwisha kufa. Simu za mkononi ziliiua, sikupewa hata pole. Sasa nakata vioo na kutengeneza fremu za picha, hizi za kutundika ukutani. Lakini filamu za zamani sikutupa. Ziko kwenye makopo ya biskuti, makopo ishirini na kitu, na juu ya mlango niliacha ubao nilioupaka mwenyewe siku za fahari: KWANGU PICHA HAIPOTEI.

Ubao huo ndio uliomleta yule mama.

Alikuja asubuhi, mtu wa makamo, mtandio wa zambarau, mkoba kaubana kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Fremu au kioo?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unapiga picha Mnazi Mmoja sikukuu za Idd?"

"Ndiye mimi. Na wote waliokuwa wakipiga na mimi wamekufa, kwa hiyo huwezi kukosea."

Akavuta kiti bila kukaribishwa. Akasema amezunguka Mchikichini siku mbili, anauliza wazee wa mitumba, mpaka mmoja akamwambia yupo mzee Kariakoo mwenye ubao unaosema picha haipotei. Kwao ni Lindi. Alikuwa na miaka minane au tisa mama yake alipomleta mjini, wakakaa Ilala, mama akiuza karanga. Siku ya Idd wakaenda Mnazi Mmoja kupiga picha, wawili tu. Wakaambiwa waje wiki ijayo. Wiki ijayo mama akaanza kuumwa. Wakarudishwa Lindi, na kabla mvua hazijaisha akazikwa.

"Hakuna picha yake nyingine," akasema. "Kaka yangu hana, shangazi hakuwa nayo. Sura yake imenitoka, baba. Nakumbuka mikono, sauti nakumbuka. Sura siioni. Kipande cha risiti alinipa nikishike, akaniambia nisikipoteze, tutakwenda kuchukua. Sikukipoteza."

Nitasema kweli: nilifurahi. Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Miaka yote vijana wananicheka na makopo yangu, leo limekuja jibu na miguu miwili. Nikamwita jirani kwa sauti.

"Wewe msafishaji! Njoo uone picha inavyotunzwa!"

Akaja na simu yake mkononi. "Haya mzee, leo leo. Tutolee huyo mama."

Mama akafungua mkoba, akatoa leso, ndani ya leso karatasi ya nailoni, ndani ya nailoni kipande. Akakiweka juu ya kioo nilichokuwa nakikata.

Kilikuwa kipande changu, hakuna ubishi. Namba kwa kalamu ya wino, na pembeni mchoro. Na pembe ya juu, mkono wa kulia, ilikuwa imekatwa kwa mkasi.

Wale wawili hawakujua walichokiona. Mimi nilijua.

Miaka ile filamu ilikuwa ya kutafutwa kama sukari. Unakwenda Mnazi Mmoja siku ya Idd na mikanda miwili, bahati sana mitatu, na watu wamepanga foleni wamevaa nguo mpya, watoto wamepakwa wanja. Saa nane mchana mkanda umekwisha. Maduka yamefungwa, ni sikukuu. Ukiwaambia watu waondoke wanakwenda kwa mwenzako, na mwenzako naye mkanda wake umekwisha tangu saa saba, na bado anabofya. Ndiyo hiyo tuliyoita kupiga hewa. Unawasimamisha, unawaambia wanyanyue kidevu, unabofya kamera tupu, unapokea malipo ya mwanzo, unatoa kipande. Wakija wiki ijayo unasikitika sana, unawaambia filamu iliungua, unawapiga upya bure. Kila mpiga picha alisema iliungua. Kama filamu zote zile zingeungua kweli, mji huu ungebaki majivu.

Ili nisijichanganye, vipande vya hewa nilivikata pembe. Akija mwenye pembe iliyokatwa, sihangaiki kutafuta, nasikitika moja kwa moja.

Wengi walirudi, nikawarudia. Hivyo ndivyo nilivyojisafisha moyoni, kwamba hakuna aliyepunjwa. Sikuwahi kuwafikiria ambao hawakurudi.

"Ipo?" akauliza.

Neno lilikuwa mdomoni. Iliungua. Lingetoka lenyewe, limezoea njia. Badala yake niliinuka nikaenda kwenye makopo. Nikashusha la kwanza, nikafungua, nikainua filamu kwenye mwanga kama mtu anayetafuta. Nikashusha la pili. La tatu. Jirani akaanza kunishikia, anapuliza vumbi, anasema, "Mzee usikate tamaa, tutaipata." Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kwa wema ule. Kila kopo lilikuwa na nyuso za watu, wakwe, maharusi, watoto wa watu wa Upanga na suruali zao fupi, kila mtu yupo, na mimi nilijua ninayemtafuta hayupo hata kwenye kopo moja. Kwenye la sita nikachoka na ujinga wangu.

"Funika," nikamwambia jirani. "Haipo."

"Bado makopo mengi mzee."

"Nimesema haipo. Haikuwahi kuwepo. Kamera haikuwa na mkanda."

Nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, na mkasi, na pembe, na kila kitu. Sikuomba radhi katikati kwa sababu nikisimama kuomba radhi nisingemaliza. Jirani aliinamisha kichwa akawa anatazama simu iliyozimwa. Yule mama alinitazama mimi.

"Kwa hiyo tulisimama pale juani tukakichekea kiboksi kitupu."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwambia mama anyanyue kidevu."

"Wote niliwaambia."

"Alinyanyua," akasema. "Hilo nalikumbuka. Alinyanyua, akaniminya bega na mimi ninyanyue."

Nikalifunika kopo mwenyewe.

"Basi niambie alikuwaje. Wewe ulimtazama. Ulikuwa mtu mzima, mimi mtoto. Niambie ulichokiona."

Hapo ndipo nilipotamani anitukane. Nilitafuta kichwani, nikatafuta kuliko nilivyotafuta kwenye makopo. Hakuna kitu. Sikukuu ngapi, watu wangapi, kila mmoja ameambiwa anyanyue kidevu. Ningeweza kumtungia. Alikuwa mweupe kidogo, macho makubwa, mpole. Angekwenda nayo Lindi akalala nayo. Ingekuwa hewa ya pili, kwa mtu yule yule.

"Sikumbuki," nikasema. "Nisamehe. Sikumbuki hata kidogo."

Akanyoosha mkono kuchukua kipande. Mimi nami, kwa hasira, nikakishika kwanza. Nilitaka kukichana. Nilitaka kitu hicho kisiwepo duniani. Akanipiga kibao cha mkono, hasa, kama mtoto aliyeshika jiko.

"Acha! Hicho si chako. Hicho alikishika yeye."

Nikakiachia kwenye kioo. Na kwa sababu sikuweza kumtazama usoni, nikatazama kipande. Ule mchoro wa jogoo.

"Huyu jogoo unamjua ni wa nini?" nikamuuliza.

"Si muhuri wako? Siku zote nilidhani ni muhuri wa studio."

"Sikuwa na muhuri. Mimi kuandika majina ya watu ilinipa tabu, mwanangu. Darasa la tatu. Mtu akitaja jina refu, foleni inasimama. Kwa hiyo nilichora. Nguo aliyovaa, na kitu kimoja cha usoni, nisije nikampa mtu picha ya mwenzake. Hata kwenye vipande vya hewa nilichora, maana watu wa nyuma kwenye foleni wanatazama, nao lazima waamini. Huyu jogoo ni kitenge cha mama yako."

Akasogeza kiti karibu. Jirani naye akasogea, nikamwacha.

"Kitenge cha jogoo," akasema polepole. "Kilikuwepo. Tulifunikwa nacho mpaka kikachanika. Nilidhani ni cha shangazi."

"Na hapa chini ya jogoo kuna duara. Huo ni uso. Ndani yake ona hivi vijistari viwili, vimeachana katikati. Huo ni mwanya."

"Mama alikuwa na mwanya?"

"Mimi sikumbuki. Lakini nilichora nikiwa nimemtazama, sikuwa na sababu ya kumzulia meno. Na mwanya hauonekani mtu akiwa amefunga mdomo. Alikuwa anacheka."

Hakulia. Aliweka kidole juu ya lile duara, duara dogo kama punje ya choroko, akakaa hivyo mpaka mteja mwingine akaja kuuliza bei ya fremu, nikamfukuza.

Mwisho akasema, "Nitengenezee fremu."

"Ya hiki?"

"Ya hicho. Na hulipwi."

"Sikutaja malipo mimi."

Vioo vidogo ndivyo vigumu kukata, mwulize fundi yeyote. Cha kwanza kilipasuka, cha pili kikaondoka na ngozi ya kidole gumba. Jirani akasema, "Mzee, nipe nikipige picha nikikuze, nitakichapa kikubwa." Mama akamwambia akae chini. Akakaa. Na nikamsikia vizuri, alisema nitakichapa, hakusema nitakisafisha.

Kioo cha tatu kikakubali. Nilipokuwa nakipanga kipande ndani, nikakisogeza juu kidogo, ubao wa fremu ufunike ile pembe. Kazi ingependeza zaidi, sitakataa.

Akainama juu ya meza.

"Kishushe."

"Kikishuka pembe itaonekana imekatwa."

"Nimeona. Kishushe."

Nikakishusha.