Nilipeleka Gitaa la Marehemu Babangu Litiwe Thamani, Sasa Naogopa Kufungua Mlango

Asalaam aleikum nyote mnaosoma. Admin, nakuomba unifichie jina langu, na picha ya gitaa niliyokutumia usiiweke. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeachika, nina binti mmoja, na naishi na mamangu mtaa wa Kuze, hapa pwani. Naandika kwa haraka, mnisamehe nikikosea.

Babangu alifariki miezi miwili iliyopita. Zamani alikuwa fundi wa mashine za boti bandarini Liwatoni, kisha akaacha kazi ile ghafla akawa mwalimu wa madrasa. Mtaani wanamsifu kwa upole. Muziki hakuutaka kabisa. Redio yetu ilikuwa ya habari na Qur'ani tu, na hata harusi yangu ilipita bila ngoma kwa sababu yake.

Mama bado yuko eda, lakini ami yangu ameshaanza kushughulikia mirathi. Alisema kila kitu cha marehemu kitiwe thamani kabla ya kugawanywa, hata kijiko. Ndipo nikateremsha sanduku refu lililokuwa juu ya kabati la babangu. Siku zote nilidhani lina vyombo vyake vya kazi. Ndani nilikuta gitaa la umeme, limefungwa kwa kikoi safi. Mama alipoliona alisema neno moja tu, "Lirudishe." Nikadhani yuwaona haya watu wasije kujua mwalimu alikuwa na gitaa.

Sikumsikiza. Nilielekezwa kwa fundi mmoja wa mtaa wa Majengo anayetengeneza spika na magitaa, mtu mzima mwenye mvi, yuwaitwa Kazungu. Mwanzo alifurahi. Alinionyesha rangi ilivyolika pale mkono wa mpigaji unapoegemea, na mbao ya shingo ilivyolainika kwa vidole. Akaniambia, "Dada, usione limechakaa ukalidharau. Hili ni la zamani na vyombo vyake ni vya asili. Uchakavu huu ndio watu wanaoutafuta. Laki tatu hukosi." Kisha akagusa nyuzi. "Lakini nyuzi hizi ni mpya. Kwa chumvi ya hapa zingekuwa zimeshaoza. Kuna mtu alikuwa akilitunza."

Nikajua ni babangu, maana chumba chenye kabati lile hakuingia mtu ila yeye.

Akafungua kifuniko cha nyuma aangalie nyaya. Akasogeza taa karibu, nikamuuliza kuna nini. Alisema polepole, "Lehemu hii nimeitia mimi." Akanigeuzia nione ndani, pamekwaruzwa herufi mbili, K na C. K ni yeye Kazungu. C ni Charo, ndugu yake mdogo, aliyekuwa akipiga gitaa mahotelini. Miaka ishirini na tatu iliyopita Charo alitoka nyumbani na gitaa hili kwenda kupanda boti Liwatoni, akapige ng'ambo ya pili kwenye sherehe. Hakufika huko wala hakurudi. Mwili haukupatikana.

"Umelipata wapi, dada?"

Nikamdanganya. Nilisema nimelinunua mnadani. Akauliza mnada gani, nikanyoosha mkono nilichukue. Nilidhani atanifungia mlango aite polisi. Badala yake alilifunga tena kwa kikoi, taratibu kama mtu anayefunga mtoto, akanirudishia. Nambari yangu ya simu nilikuwa nimeshamwachia, na mtaa wetu nimeshamtajia.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama akichagua mchele. Nikamweleza yote. Akauweka ungo chini. Akasema, "Babako alikuja nalo alasiri moja, nguo zimerowa hadi shingoni. Aliswali, akalia mpaka magharibi. Nilipomuuliza akanambia, ukinipenda usiniulize. Nami sikumuuliza tena."

Nikasema, "Mama, huenda boti ilizama, akajaribu kumwokoa."

"Huenda."

"Basi mbona hakusema? Mbona hakuwapelekea wenyewe gitaa lao?"

Mama akauchukua tena ungo wake. Tangu siku ile kila nikimuombea babangu dua nakwama katikati. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma Qur'ani, akinishika kidole nisiruke herufi. Sijui kidole kile kilimfanyia nini mwana wa watu. Na sijui kwa nini alikuwa akinunua nyuzi mpya.

Juzi Kazungu alinitumia ujumbe: "Gitaa kaa nalo. Nataka kujua ndugu yangu yuko wapi." Sikumjibu. Jana mchana nilikuwa dirishani nikamwona pale kwa kinyozi wetu, akiuliza watu nyumba ya mwanamke aliyepeleka gitaa Majengo. Nilirudi nyuma nikakaa sakafuni, binti yangu akaniuliza mbona najificha.

Ami naye ataka thamani ya gitaa ifikapo Ijumaa. Nikimtajia, ataniuliza nani aliyelipima. Na kitu ambacho si cha babangu tutakirithi vipi? Nikimwambia ukweli, jina la babangu litasemwa barazani na mwenyewe yuko kaburini, hawezi kujitetea.

Nilimwambia mama nataka kumwita Kazungu nimweleze hayo machache tunayoyajua. Akasema, "Mlete. Nitakaa nyuma ya pazia, nitashika msahafu niape kuwa mume wangu alilinunua." Mamangu ana miaka sitini na nane na sijawahi kumsikia akisema uongo. Nilimsihi. Akasema yeye na babangu watakwenda kuulizwa pamoja siku ya Kiyama.

Kwa hiyo nikimfungulia mtu huyu mlango, mamangu ataapa uongo mbele yangu. Nisipomfungulia, mtu mzima ataendelea kuzunguka mitaa yetu akimtafuta nduguye. Sasa hivi naandika, na kuna mtu anapiga hodi chini. Kwa huku juu sauti siitambui vizuri. Mama ameshachukua msahafu. Niambieni ndugu zangu, nishuke au nisishuke?